Oili ya Pikipiki

Ndani ya injini ya pikipiki ndogo mna pistoni ipandayo na kushuka katika silinda. Injini izungukapo mara 6,000 kwa dakika moja, pistoni hiyo hupanda na kushuka mara 100 katika kila sekunde. Madini yakisuguana kwa mwendo huo pasipo kitu cha kuyatenga, hupata moto mkali, huumana, na injini hukwama palepale. Mafundi husema, "Imenoki." Kitu kiyatengacho ni utando wa oili, mwembamba kuliko unywele.

Tena, katika pikipiki nyingi oili hiyohiyo, kiasi cha lita 1 tu, ndiyo ilainishayo gia, na klachi nayo huloweka humo. Kwa sababu hiyo si kila oili ya gari ifaayo. Baadhi yake hutiwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi haiwezi kushika bila msuguano. Tangu mwaka 1998 Wajapani wana alama ya kutambulisha oili ifaayo kwa klachi za namna hiyo, nayo ni JASO MA. Asomaye maandishi ya chupa kabla ya kulipa hana haja ya kumwuliza mwenye duka.

Kijana mmoja wa Muheza, katika Mkoa wa Tanga, alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kila siku alimpelekea mwenye mali hesabu yake, na baada ya miezi minne pikipiki ingekuwa yake mwenyewe. Lakini injini ikifa kabla ya siku hiyo, deni halifi. Abiria wake wengi walikuwa watu wa kupanda mlima kwenda Amani, ambako injini hunguruma kwa gia ndogo na kupata moto sana.

Alikuwa akibadili oili kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi alifungua, oili nyeusi ikamwagika shimoni, akatia mpya, akapokea fedha yake. Wala hakuna aliyetazama kilichotoka. Kitabu cha pikipiki kilisema oili ibadilishwe kila kilometa 2,000. Naye, kwa kuwa alikwenda kama kilometa 100 kwa siku, alitimiza hizo katika siku 20. Jumamosi moja akaazimia kuifanya kazi hiyo nyumbani. Dada yake mdogo, mwanafunzi wa darasa la saba, akawa msaidizi wake.

Kwanza aliwasha injini dakika tatu, kisha akaizima. Oili yenye uvuguvugu hutiririka upesi na kuchukua uchafu pamoja nayo. Iliyo baridi huuacha chini. Lakini asingoje mpaka injini iwe ya moto sana, maana oili ya moto huunguza mkono, na bomba la moshi huunguza zaidi. Akaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali palipo sawa, akaweka beseni chini, akafungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, ndipo akailegeza bolti ya chini kwa spana.

Katika pikipiki ile bolti hiyo ni kubwa, na nyuma yake mna springi na chujio la wavu wa waya. Mambo hapo huenda kwa haraka: bolti ikitoka, springi huruka na wavu huanguka katika beseni. Dada alikuwa ameambiwa aangalie vilivyopangwa, naye akavipanga juu ya gazeti kwa taratibu ileile. Pikipiki nyingine zina chujio la karatasi. Hilo halioshwi, bali hutupwa na kuwekwa jipya, na sharti upande wake uangaliwe, kwani likigeuzwa oili haipiti vema. Wavu huoshwa kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, ukakaushwa.

Kijana aliupokea wavu akautazama juani. Ulikuwa na masizi tu. Vumbi laini la madini si ajabu, lakini vipande ving'aavyo vyenye ncha ni habari mbaya. Oili nayo ina lugha yake. Weusi peke yake si kosa, maana oili njema hubeba masizi yasigande ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hii ilikuwa nyeusi tu, naye akafurahi.

Ndipo dada akaimimina oili ile ya zamani katika chupa tupu ya lita 1, akainua chupa.

"Kaka, mara ya mwisho ilitiwa oili kiasi gani?"

"Lita moja kamili, nilisimama pale pale."

"Basi iliyotoka haifiki nusu. Nyingine imekwenda wapi?"

Kijana akainama kutazama chini ya injini. Pakavu. Kidogo hubaki ndani sikuzote, lakini si nusu ya lita. Akakumbuka moshi wa rangi ya samawati kila asubuhi, ambao alidhani ni umande. Oili haikuvuja; ilikuwa ikiungua pamoja na petroli. Gari huwa na taa nyekundu ya kumwonya dereva. Pikipiki nyingi ndogo hazina. Ingalipungua kidogo tena, pampu ingalivuta hewa badala ya oili, pale mlimani, na abiria nyuma.

Akarudisha wavu, springi na bolti. Bolti aliianza kwa vidole, kisha akaikaza kwa spana kwa kiasi, kwa maana bolti ni chuma na mwili wa injini ni aluminiamu. Mwenye kukaza kwa nguvu zote huharibu nyuzi zake, na hasara hiyo huzidi bei ya oili nyingi. Akatia oili mpya, akaiwasha injini dakika chache, akaizima, akangoja kidogo, akapima kwa kijiti. Katika pikipiki ile kijiti hupumzishwa tu tunduni wakati wa kupima, hakikazwi. Oili ikaonekana kati ya alama mbili.

Jumatatu akampelekea fundi habari hiyo, na chupa mkononi. Chujio la hewa likakutwa limetoboka. Vumbi jekundu la njia ya Amani lilikuwa likiingia na kula ringi za pistoni. Zikawekwa ringi mpya na chujio jipya, na gharama ikawa ndogo kuliko injini iliyokufa.

Oili ya zamani hawakuimwaga mtaroni, kwani huharibu maji ya visima na mito. Wala hawakujipaka, ingawa wako wanaoidharau, na kuigusa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ngozi. Chupa ilifungwa ikapelekwa gereji inayokusanya oili chafu.

Jioni ile dada alichukua kipande cha mkaa, akaandika ukutani karibu na mlango namba ya kilometa iliyokuwa katika saa ya pikipiki, na chini yake ile ya safari ijayo. Tangu hapo kijana hupima kwa kijiti kila asubuhi, kabla hajavaa kofia yake.