Tubadili dainamo au tuiache?

Tuseme tunayo Land Rover ya zamani inayoleta ndizi kutoka Mbokomu hadi soko la Kiboriloni. Injini ikienda polepole, taa zinafifia. Je, tununue alteneta?

Kwanza tutazame mkanda usilegee, na vichwa vya betri visiwe na kutu. Pengine ni hilo tu, na dawa yake ni kipande cha msasa!

Dainamo huchaji kidogo sana injini ikienda polepole. Alteneta huchaji hata gari likisimama linanguruma. Anayeshuka mlima usiku, kwa kona zile, afadhali abadili. Wa mchana abaki na dainamo yake.

Lakini tuangalie: Land Rover nyingi za kabla ya 1967 waya wa chanya (+) umefungwa kwenye bodi. Alteneta za kawaida hutaka hasi (–). Fundi asipogeuza kwanza, alteneta mpya itaungua siku hiyo hiyo.