SOMO LA MAKATIBU: KUSAHIHISHA SENTENSI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makatibu wa vyama vya msingi vya Kibaha na Kisarawe wanaijua methali hii, na daftari wanalo. Hata hivyo mali yaweza kupotea ndani ya daftari lenyewe, iwapo sentensi iliyoandikwa humo haisemi kile kilichokusudiwa na mkutano.

Na uchukuliwe mfano wa kufikirika wa chama cha wakulima wa korosho upande wa Kisarawe. Msimu wa korosho katika Mkoa wa Pwani hukutana na mvua za vuli, na baadhi ya mizigo hufika ghalani ikiwa imenyeshewa. Bodi yakutana na kuamua kwamba korosho zenye unyevu zikataliwe. Katibu aandika: "Magunia ya korosho yaliyolowa yasipokelewe." Siku hiyo kila mjumbe anajua maana yake. Baada ya miezi minne waja wanachama wawili. Wa kwanza alikataliwa kwa kuwa gunia lake lililowa kwa nje, ingawa korosho zilikuwa kavu. Wa pili alikuwa na gunia kavu lililojaa korosho chepechepe, naye asema kwamba azimio halikumhusu.

Kwa mujibu wa sentensi ile, mwanachama wa pili ana hoja. Kiambishi "ya" katika "yaliyolowa" ni cha magunia. Korosho huchukua "zi". Kama Bodi ilikusudia korosho, katibu alipaswa kuandika: "Magunia ya korosho zilizolowa yasipokelewe." Silabi mbili tu zimebadilisha nani alipwe na nani asilipwe.

Hapana budi katibu akumbuke kwamba kumbukumbu za mkutano huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuhudhuria: mkaguzi wa hesabu, Mrajis, ofisa wa benki, au Bodi mpya. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu viundwe tena. Katika mabadiliko ya namna hiyo watu huondoka, na maandishi ndiyo hubaki kusema. Yafuatayo ni makosa matano ambayo katibu anaweza kuyaondoa mwenyewe.

1. Upatanisho wa kisarufi

Kila jina lina viambishi vyake. Magunia yamepokelewa; mizani imepimwa; hisa zimelipwa; ushuru umekatwa. Jina likiwa mbali na kitendo chake, katibu husahau alianza na nini. "Ushuru wa magunia ya wanachama wa vijijini yamekatwa" ni kosa, kwani kilichokatwa ni ushuru. Dawa ni kutafuta jina kuu la sentensi na kulisoma pamoja na kitendo peke yake: ushuru umekatwa.

Neno "kila" hufuatwa na umoja. Huandikwa "kila mwanachama", wala si "kila wanachama". Neno hilo hilo huzuia ugomvi wa fedha. "Wanachama 20 watalipa shilingi 100,000" haisemi kama kiasi hicho ni cha wote kwa pamoja au ni cha mmoja mmoja, na tofauti yake ni shilingi 1,900,000. Iandikwe: "Kila mmoja wa wanachama 20 atalipa shilingi 5,000, jumla shilingi 100,000."

2. Mwenye kudai na mwenye kudaiwa

Anayedai ndiye anayestahili kulipwa. Anayedaiwa ndiye mwenye deni. Aliyekopa amepokea, na aliyekopesha ametoa. Hati yenye kichwa "Orodha ya wanachama wanaodai", ikiwa na majina ya wenye madeni, imewageuza wadaiwa wa chama kuwa wadai wake. Kadhalika "Chama kimekopa wanachama pembejeo" husomwa kana kwamba chama ndicho kilichopokea, ilhali kilikopesha. Vitendo hivi visomwe mara mbili kila vinapoonekana kwenye ukurasa.

3. Mtendaji asiyetajwa

"Fedha zilichukuliwa zikapelekwa benki." Sarufi yake ni safi, lakini haijulikani nani alizichukua, lini, wala kiasi gani. Katika maandishi ya chama sentensi ya namna hii ni mlango ulioachwa wazi. Iandikwe: "Tarehe 14 Novemba mweka hazina alipeleka benki shilingi 640,000." Tarehe itajwe pamoja na mwaka iwapo mwaka haumo kichwani mwa kumbukumbu. "Jumamosi ijayo" na "mwezi uliopita" ni maneno ya mazungumzo. Anayesoma baada ya mwaka hawezi kuyatumia.

Uangalifu huo huo unahitajika katika maneno "yake" na "wake". "Katibu alimkabidhi meneja kitabu chake": cha katibu au cha meneja? Ni heri kulirudia jina la cheo kuliko kuacha shaka.

4. Kukanusha

"Wanachama wote hawakukubali" hueleweka kwa njia mbili: kwamba hakuna hata mmoja aliyekubali, au kwamba wako waliokubali na waliokataa. Ikiwa wote walikataa, iandikwe: "Hakuna mwanachama aliyekubali." Ikiwa walihitilafiana, iandikwe: "Si wanachama wote waliokubali," kisha hesabu ya kura ifuate: waliounga mkono, waliopinga na wasiopiga kura.

5. Maneno yanayofanana, na maneno ya ziada

Dhamana ni kitu au mtu anayesimama nyuma ya mkopo. Thamani ni kadiri ya bei ya kitu. Mkutano hupiga kura, haupigi kula. Kumbukumbu za mkutano uliopita huthibitishwa, yaani hukubaliwa kuwa ni za kweli. Kinachodhibitiwa ni matumizi. "Kudhibitisha kumbukumbu" ni kosa linaloenea.

Vilevile "mwanachama ambaye aliyekopa" lina virejeshi viwili. Kimoja kinatosha: "ambaye alikopa" au "aliyekopa". Mwenye mashaka na afungue kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, inastahili kuwekwa mezani kando ya kitabu cha stakabadhi.

Namna ya kusahihisha

Mwandishi hasomi alichoandika, bali husoma alichokusudia. Kwa hiyo maandishi yalazwe usiku mmoja, kisha yasomwe kwa sauti, sentensi moja moja. Kwa kila sentensi yenye fedha, mali au wajibu, katibu ajiulize: Nani? Amefanya nini? Kiasi gani? Lini? Swali lisilopata jibu linaonyesha pa kusahihisha. Mwisho, azimio asomewe mtu ambaye hakuwapo mkutanoni, naye aeleze alivyoelewa. Akieleza vingine, mwenye kurekebishwa ni sentensi, si msikilizaji.

Kosa likigunduliwa baada ya sahihi kutiwa, lisifutwe wala lisipakwe wino. Lipelekwe kwenye mkutano unaofuata wakati wa kuthibitisha kumbukumbu, na sahihisho liandikwe humo.

Katibu asiogope kuandika sentensi fupi. Wanachama wa Maneromango au Mlandizi hawahitaji Kiswahili cha mapambo katika kumbukumbu za chama chao. Wanahitaji kujua nini kiliamuliwa juu ya jasho lao.

Zoezi

Sentensi zifuatazo zisomwe katika kikao cha Bodi, na kila mjumbe aseme anavyozielewa kabla ya kuzisahihisha:

(a) Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba hesabu zake hazikukamilika.

(b) Kila wanachama ambao waliokopa watakatwa shilingi 30,000 mwezi ujao.

(c) Mizani ya chama zilichukuliwa kwa matengenezo na bado hazijarudishwa.

Sentensi (c) ikishasahihishwa, Bodi na iulize pia: mizani hiyo anayo nani?