Vitu Vidogo Katikati ya Meza: Namna ya Kula kwa Kuchanga na Marafiki

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, jioni za Tandahimba, Newala na Masasi huchangamka. Majiko ya mishikaki huwashwa mapema na marafiki hutafutana. Badala ya kila mtu kukumbatia sahani yake ya chipsi kuku, agizeni vitu vidogo vidogo, muweke katikati, kila mmoja amege. Wahispania wana mlo wa namna hiyo, tapas. Sisi tuliolelewa kwenye sinia hatuhitaji kufundishwa kumega. Kinachotakiwa ni mpango, ili asiwepo anayeondoka na njaa wala anayeondoka na deni.

Fedha kabla ya chakula

Msimu huu huwaacha marafiki na mifuko tofauti. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi. Zikishauzwa mnadani kupitia chama kikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala au MAMCU kwa Masasi, malipo huingia benki baadaye. Wawili waliovuna pamoja wanaweza kulipwa wiki tofauti. Anayesubiri hatasema mezani mbele za watu. Ataaga tu kwamba ana safari.

Kwa hiyo mwenye wazo la kukutana ataje kiwango mapema, kwa simu: "Jamani, tuchange elfu tano tano. Ambaye hazijaingia aje tu, tutawekana sawa." Michango ikusanywe na mtu mmoja kabla ya kuagiza, na kilichopatikana ndicho kiwe kikomo cha oda.

Agizeni vinavyohesabika

Mishikaki, sambusa, mayai ya kuchemsha na ndizi za kuchoma hugawika bila maneno: watu watano, mishikaki kumi. Kuku ndiye mwenye matatizo, maana akikatwa vinne kwa watu watano, mmoja ameshakosa. Mwambie mchomaji amkate vidogo, paja mara mbili, kifua mara nne, ndipo amrudishe kidogo motoni ili sehemu zilizokatwa zikauke. Nyama choma agizeni kwa uzito, na mmoja wenu asimame pale inapopimwa ikiwa mbichi. Nyama hupungua ikiiva, hivyo kilo ya mizani haiwi kilo mezani, na mkilijua hilo mapema hamtamlaumu mchomaji bure.

Mchanganyiko unaokaa vizuri kwa watu watano ni huu: kitu kimoja cha nyama, kimoja cha samaki, mboga moja, kachumbari, na kimoja tu cha kushibisha, uwe ugali wa muhogo au chipsi. Vya kushibisha vikizidi, vingine vitabaki. Msivisahau vya kwetu: kisamvu kilichoungwa kwa karanga, korosho za kuchoma, na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa kwa chumvi ikiwa ipo sokoni.

Anzeni na kinachochelewa

Kuku wa kienyeji huchukua muda, basi aagizwe mkishakaa tu. Korosho na mishikaki zitangulie mezani wakati mnamsubiri. Msiagize vyote kwa pamoja. Meza itajaa, vitu vitapoa, na hamtajua mmeshiba wapi. Awamu ya pili ingojee sahani za kwanza ziishe.

Ulizeni asichokula mtu

Swali liulizwe kwa wote, kabla ya oda, ili mtu asilazimike kujieleza peke yake: kuna asiyekula pweza? Kuna anayedhurika na karanga au korosho? Kama mezani kuna Waislamu, hakikisheni nyama imechinjwa kihalali na haikuchomwa kwenye jiko linalochoma kitimoto. Pilipili ikae pembeni daima, kwa sababu ikishamwagwa juu ya sahani haiondoki.

Mkono na adabu yake

Maji huku kwetu mara nyingi hupatikana kwa taabu, kwa hiyo mhudumu akija na birika na beseni, naweni kwa utaratibu, mkubwa kwa umri akianza. Kila mtu amege upande wake kwa mkono wa kulia, bila kupekua vipande. Kisamvu na kachumbari viwe na kijiko chao cha kupakulia. Nyama uliyokwisha kuiuma usiirudishe kwenye bakuli la pilipili; jitilie kidogo pembeni mwa sahani yako. Kipande cha mwisho kisiachwe kipoe kwa sababu ya aibu. Aliyewaalika amtaje mtu kwa jina, amsogezee.

Bili

Vinywaji visiingie kwenye mchango. Mnywa soda moja asimlipie mnywa bia nne. Kila mtu abebe chupa zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi aliyeshika fedha aandike kila oda kwenye simu yake, ailinganishe na bili, kisha alipe kwa mara moja, kwa taslimu au kwa lipa namba. Hesabu aisome kwa wote, isipokuwa jina la aliyebebwa na wenzake. Hilo libaki kati ya wawili, na atarudisha malipo yake yakiingia.