Haki ya Mgonjwa wa Kufa na Haki ya Amuuguzaye

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo: ada ya watu wa pwani katika mazishi ni ada njema. Mtu akifa, khabari huenea mtaani kabla ya jua kupanda. Maduka hufungwa, watu hujaa barazani, na jeneza hunyanyuliwa kwa mikono isiyohisabika, kila mmoja akitaka hatua chache za ajiri. Walakini mtu huyo huyo, kabla hajafa, alilala miezi mitatu au minne katika chumba cha ndani, na katika miezi hiyo mikono iliyomgeuza kitandani ilikuwa miwili tu, nayo ni ya mkewe, au ya bintiye, au ya mamaye mzee. Jeneza lina wachukuzi mia, na kitanda hakina hata wa pili. Somo hili ni la kubainisha hukumu ya jambo hilo, na njia ya kulitengeneza.

FASLI YA KWANZA: HUKUMU YAKE

Kumzuru mgonjwa ni suna iliyotiliwa nguvu. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim imekuja kuwa Mwenyezi Mungu siku ya kiyama atamuuliza mja kwa nini hakumzuru mgonjwa fulani, na atamjulisha kuwa lau angalikwenda, angalimkuta Yeye kwake. Hilo latosha kwa mwenye moyo.

Lakini kuzuru ni jambo moja na kuuguza ni jambo jingine. Wanazuoni wa madhihabi ya Imamu Shafii wamehisabu kuondoa madhara ya Waislamu, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, kuwa ni katika fardhi za kifaya. Na mtu asiyeweza kujigeuza, wala kujitia maji kinywani, wala kujitwahirisha kwa ajili ya sala, ni nani aliye katika madhara kuliko yeye? Akiwa hana wa kumtosheleza, jambo lake liko juu ya shingo za wote wawezao, mpaka wapatikane wa kumtosheleza.

Na fardhi ya kifaya ikiachwa na wote, hupata dhambi kila aliyejua na akaweza. Imamu Nnawawi akaongeza katika kitabu chake Raudha ya kuwa hupata dhambi vile vile asiyejua, ikiwa yu karibu na mahali pale kiasi cha kumpasa kuuliza na kuchungua. Basi jirani ambaye ukuta wake wagusana na ukuta wa mgonjwa hana udhuru kwa kusema kuwa hakuwa na khabari.

FASLI YA PILI: KHABARI ZA MASAHABA

Wako wanaodhani kuwa kuuguza ni kazi ya wanawake, na kuwa mwanamume sehemu yake ni kulipa gharama na kusubiri msibani. Dhana hiyo yavunjwa na khabari ya Sayyidna Uthman bin Affan. Mwaka wa 2 wa Hijra Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badri, Bibi Rukiya binti wa Mtume, mke wa Uthman, alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamuru Uthman abaki Madina amuuguze, na akampa fungu la ngawira na ajiri sawa na aliyehudhuria vita. Bibi Rukiya hakupona. Wanasira wamesimulia kuwa mbashiri wa ushindi aliwasili Madina watu wakiwa katika kumzika. Hapo yaonekana kuwa aliyekaa pembeni mwa kitanda cha mkewe alihisabiwa pamoja na watu wa Badri, nao ndio walio bora katika wapiganaji.

Na mwaka wa 5, Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki, Mtume alimpigia hema ndani ya msikiti ili apate kumzuru kwa karibu. Wanasira wamemtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa alikuwa akiwatibu majeruhi katika hema hiyo. Basi mgonjwa wa kufa hakufichwa mbali na watu. Aliwekwa mahali wapitapo watu mara tano kwa siku.

Na Abdallah bin Omar, alipopata khabari siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zaid ni mgonjwa, alipanda mnyama akenda kwake, hali wakati wa sala umekaribia, akaiacha Ijumaa. Kwa haya na mfano wake wanazuoni wa Kishafii wakaandika katika nyudhuru za kuacha jamaa na Ijumaa: kumtazama mgonjwa asiye na wa kumtazama, na kuwa na jamaa aliye katika kutokwa na roho, au mgonjwa apataye utulivu kwa kuwa naye.

FASLI YA TATU: KAZI ZENYEWE

Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hakukoma kuwa na haki. Dawa ya kumponya ikikosekana, hubaki dawa ya kumtuliza, na hiyo ndiyo madaktari wa zama hizi waiitayo tiba shufaa. Kazi zake nyingi hazihitaji elimu kubwa, zahitaji mtu aliyefunzwa kidogo na mwenye subira.

Ya kwanza ni kumgeuza. Alalaye upande mmoja muda mrefu hutoka vidonda vya kulalia, navyo huuma kuliko maradhi yenyewe. Ndiyo maana wauguzi hufundisha kumgeuza kwa kadiri ya kila saa 2, na kuiweka shuka kavu isiyo na mikunjo. Ya pili ni kinywa: kukisafisha kwa kitambaa laini, na kukilowesha kwa maji kidogo kidogo. Ya tatu ni kumsaidia sala. Asiyeweza kusimama aketi. Asiyeweza kuketi alale ubavu. Asiyeweza hilo alale chali na aashirie kwa kichwa, na akishindwa kwa macho, na akishindwa basi aipitishe sala moyoni. Ambaye maji yamdhuru atayamamu. Na kumkusanyia sala mbili kwa sababu ya ugonjwa, Imamu Nnawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu. Ni wagonjwa wangapi walioacha sala katika mwezi wao wa mwisho, si kwa ukaidi, bali kwa kukosa mtu wa kuwaletea bakuli la maji na kuwaambia kuwa sheria ina wepesi!

Ya nne ni kuitunza tupu yake na siri yake. Wanaume wawahudumie wanaume, na wanawake wanawake, ila mume na mke na maharimu kwa mipaka yao; na panapokuwa na dharura, kwa kadiri ya dharura. Ya tano ni kumkumbusha deni na wasia kwa upole angali na akili, na wasia usipite thuluthi.

Na saa ya mauti ifikapo, alazwe ubavu wa kulia akielekea kibla; ikiwa taabu, alazwe chali, uso na nyayo vielekee kibla, na kichwa kiinuliwe kidogo. Atajiwe shahada kwa sauti ya chini bila ya kusukumwa. Akiitamka, anyamaziwe, asirejezewe ila akisema neno jingine. Na atajiwe rehema za Mola wake, ili afe akimdhania mema.

FASLI YA NNE: HAKI YA AMUUGUZAYE

Muuguzaji husahauliwa na wote, na yeye mwenyewe hujisahau. Halali usingizi kamili, chakula chake hukila akisimama, na wazuru wajapo huwapikia kahawa. Wao huondoka wakimsifu mgonjwa kwa subira, na yeye hakuulizwa hata hali yake. Baada ya miezi michache hukasirika kwa jambo dogo, kisha hulia kwa kujiona muovu. Huyo si muovu. Amebebeshwa peke yake mzigo wa watu kumi.

Salman Alfarisi alimkumbusha Abu Dardai, alipojikalifisha kwa ibada, kuwa nafsi yake na watu wake wana haki juu yake. Na Mtume alipoelezwa alisema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa mtu hakuachiwa kujivunja kwa sala ya usiku, vipi ataachiwa mwanamke avunjike kwa kukesha, na majirani wamelala?

Tena alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta mwaka wa 8, Mtume aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafikia lenye kuwashughulisha. Kwa hiyo ni suna majirani kuwapikia wafiwa. Na sababu hiyo, nayo ni kushughulishwa, i katika nyumba ya mgonjwa wa kufa miezi kabla ya msiba. Pahali palipo na sababu ile ile, wema ule ule wafaa. Gharama imiminwayo katika matanga kwa siku moja ingaliweza kumpatia mgonjwa uji, dawa na sabuni kwa muda mrefu, naye yu hai akiona na kushukuru.

Basi mzuru aingie kwa muda mfupi, asimlazimishe mgonjwa kusimulia maradhi yake tangu mwanzo, wala asitaje fulani aliyekufa kwa maradhi kama hayo. Na badala ya kusema, "Mkiwa na haja mtuambie," neno ambalo mwenye haya hawezi kulijibu, aseme, "Usiku wa leo nitakaa mimi, nenda kalale."

FASLI YA TANO: MFANO WA MALIBARI

Huenda ikasemwa kuwa maneno ni mepesi na kazi ni ngumu. Mfano uko ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Malibari, ambayo leo imo katika jimbo la Kerala huko Bara Hindi. Waislamu wake wengi ni Mashafii, na kitabu cha Fat-hul Muin kisomeshwacho katika madrasa za pwani kilitungwa na mwanachuoni wao, Sheikh Zainuddin Almalibari.

Mwaka 1993 madaktari wa mji wa Kozhikode, uliojulikana zamani kwa jina la Kalikuti, waliunda chama cha kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Baadaye wakaona kuwa daktari ni mmoja na wagonjwa wamo majumbani mwao, hawawezi kufika hospitali. Ndipo wakaigeuza kazi ikawa ya mitaa. Mtu yeyote awezaye kutoa saa 2 kwa juma aliandikwa, akafundishwa darsa za saa 16, kisha akaenda siku 4 kwa wagonjwa pamoja na wajuzi. Wajitoleaji hao huogesha, hufunga vidonda, husikiliza, na hutazama kama nyumbani muna mchele na kama watoto wangali wakienda shule. Muuguzi na daktari hupita kwa lililo zito. Fedha nyingi zilitoka katika michango midogo midogo ya wenyeji, na katika kazi hiyo Waislamu, Mabaniani na Wakristo walishirikiana. Kazi ilienea sana katika wilaya ya Malappuram, ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, na mwaka 2008 serikali ya Kerala ikaifanya kuwa sehemu ya mpango wake wa afya.

Na Afrika Mashariki haikukosa msingi. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na Hospisi Afrika ya Uganda mwaka 1993 kwa mkono wa Daktari Anne Merriman. Wauguzi wao huwafuata wagonjwa majumbani. Lililobaki ni mtaa nao kunyosha mkono.

Hisabu yake si ngumu. Watu 12 wa msikiti mmoja wakiandikana baada ya sala ya isha, kila mmoja akatoa saa 2 kwa juma, zimepatikana saa 24. Hizo ni usiku tatu za saa 8, na usiku tatu ambazo mke wa mgonjwa atalala mpaka alfajiri. Mgonjwa akiwa mwanamke, wake zao wafanye mfano wa hayo, na waume wabaki nyumbani na watoto.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Je, yajuzu kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu kama mofini, nayo yaleta usingizi?

Jawabu: Yajuzu, kwa kipimo cha daktari mjuzi na mwaminifu. Wanazuoni wa madhihabi wameruhusu kutumia kitu kiondoacho akili, kisicho kinywaji cha kulewesha, kwa ajili ya kukata kiungo kilichooza. Na maumivu ya saratani hayapungui hayo. Mofini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Makusudio yawe ni kuondoa maumivu, si kuharakisha mauti, kwani kumuua mgonjwa kwa kumhurumia ni haramu. Na kutafuta dawa hakupingani na subira.

Suali: Mgonjwa akikataa chakula au dawa, je, alazimishwe?

Jawabu: Kumlazimisha ni makuruhu. Abembelezwe, akikataa, aachwe, na kinywa chake kiloweshwe. Mwili ukaribiao kuondoka huacha kutaka chakula, na muuguzaji asijilaumu kuwa amemuua kwa njaa.

Suali: Mgonjwa ajitakiaye mauti kwa ukali wa maumivu, aambiwe nini?

Jawabu: Kutamani mauti kwa dhara iliyompata mtu ni makuruhu, na Mtume amefundisha badala yake kuomba uhai maadamu uhai ni kheri, na kufishwa ikiwa kufa ni kheri. Lakini asikemewe. Atazamwe kwanza kama maumivu yametulizwa, kama yu katika uchafu, na kama amekaa peke yake. Kwani aghalabu asemaye kuwa ataka kufa huwa amechoka na hayo, si na uhai.

KHATIMA

Kila asomaye haya ataingia chumba hicho cha ndani, ama leo kwa miguu yake amtazame mwenziwe, ama kesho kwa kubebwa. Na mtaa uliozoea kumtazama mgonjwa hautamwacha aliyekuwa mtazamaji wake. Kabla ya kulala usiku wa leo, na ahisabu kila mtu nyumba saba za kuliani kwake na saba za kushotoni, na aulize ni ipi yenye taa isiyozimwa.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wa Kiislamu raha, awape wauguzaji wao nguvu na malipo, na awajaalie wote mwisho mwema. Amin.