KUPASHA NA KUPASHANA HABARI

Mwalimu wetu alipotufunza kauli ya kutendana, nilidhani ni jambo la mtihani tu. Kumbe ni jambo la maisha! Mtangazaji wa redio hupasha habari: mmoja anasema, wengi wanasikiliza. Lakini barazani, au katika kundi la WhatsApp, watu hupashana. Kila mtu ni msemaji na kila mtu ni msikilizaji.

Faida zake si haba. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Wakenya kadhaa walianzisha mtandao wa Ushahidi. Wananchi walituma habari za fujo walizoziona, nazo zikawekwa kwenye ramani ili wengine wazione. Naam, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, madhara yapo. Hebu tupige hesabu. Mtu 1 akiwatumia wenzake 5 ujumbe, na kila mmoja wao akawatumia wengine 5, ikifika hatua ya nne ni watu wapya 625! Je, kama ni uongo?

Mimi yalinikuta. Muhula uliopita, usiku wa mvua kubwa, ujumbe uliingia katika kundi la wazazi kwenye simu ya mama: kesho hakuna shule. Mama akauliza ni nani aliyesema. Mzazi mmoja akajibu kwamba ameuona katika kundi lingine. Mimi kwa furaha nikaichukua simu, nikawatumia marafiki zangu wawili. Asubuhi tukalala fofofo. Kumbe shule ilikuwa wazi, na wenzetu walikuwa wanafanya mtihani wa Hisabati! Sote watatu tulipata sufuri. Yangu niliizoea upesi, lakini zile mbili za marafiki zangu zinaniuma hadi leo.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, tushike mambo matatu. Kwanza, muulize mwenye habari: umeona au umesikia? Pili, kama hajui, habari hiyo ikome kwako. Tatu, ukikosea, sahihisha mbele ya wale wale uliowaambia.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku ile lilisemwa, halikuwapo, wala halikuja. Redioni kuna mhariri. Katika kupashana, mhariri ni wewe.