Mafunzo Niliyopata Nikimuuguza Shangazi Mwenye Macho ya Manjano

1. Angalia choo na mkojo, si macho peke yake. Malaria kali, homa ya ini na mrija wa nyongo ulioziba vyote huleta manjano. Shangazi, tunayeishi naye Bunju, alikuwa anakojoa mkojo wa rangi ya chai kavu, choo kimepauka, na mwili unamwasha usiku kucha. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Isipofika utumboni, choo hupauka. Majirani walitushauri mizizi ya kuchemsha ya kusafisha ini. Nashukuru shangazi mwenyewe alikataa.

2. Kinachoziba mrija kinaweza kuwa hai. Wote tulidhani ni mawe ya nyongo. Kwenye ultrasaundi daktari akatuonyesha kitu chembamba, kirefu, kinachojinyonganyonga ndani ya mrija: mnyoo, ile minyoo mikubwa ya mviringo tunayodhani ni ya watoto tu. Jike huweza kupita sentimita 30 na kutaga mayai 200,000 kwa siku. Makao yake ni utumbo mwembamba, ila hupenda kupenya kwenye vitundu, na mdomo wa mrija wa nyongo hauko mbali na tumbo. Mayai tunayameza kwa mikono michafu na mboga zisizooshwa vizuri.

3. Kungoja nako ni tiba, mradi uwe chini ya uangalizi. Shangazi alizuiwa kula, akawekewa dripu na kupewa dawa za maumivu. Dawa ya minyoo ilisubiri, kwa sababu mnyoo ukifia ndani ya mrija, mabaki yake huweza kuwa chanzo cha mawe. Mara nyingi hutoka wenyewe, na wa shangazi ulitoka. Ultrasaundi ya pili ilionyesha mrija mtupu. Ndipo akapewa albendazo, nasi wa nyumbani tukameza. Ungekwama, ungevutwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Hapo madaktari huepuka kuupanua sana mdomo wa mrija, wasije wakaufungulia njia mnyoo mwingine.

4. Ziko sababu nyingine za mrija kuziba: tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, saratani ya kongosho, na mawe ya wenye selimundu, ambao damu yao huvunjikavunjika. Kijana mwenye selimundu akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, apimwe nyongo.

5. Manjano, homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia vikija pamoja, huenda mrija umeingiwa na maambukizi. Toka Bunju uende hospitali usiku huohuo, hata kwa bodaboda.