KOMPYUTA IKIZIRAI, TUSIKIMBILIE KUIFUTA

Mwaka huu nimeonelea tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili: kompyuta inapozirai kwa sababu ya kumbukumbu yake.

Mtahiniwa anachapa mradi wake wa KCSE. Mara skrini yageuka buluu yote, maandishi machache yanatokea, na mashine inajizima na kujiwasha upya. Basi utasikia vijana wakisema, "Hiyo ni virusi tu, ipigwe fomati!" Haya, ukiipiga fomati, mradi wa mwenzio umekwenda na maji. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kiini na makabati

Mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, ndio unaoamrisha kompyuta nzima. Moyo wake huitwa kiini. Chukua mfano wa bweni. Kumbukumbu, yaani RAM, ni safu ya makabati yenye nambari. Kiini ndicho chenye funguo zote, pamoja na daftari la kuonyesha nani kapewa kabati lipi. Programu nazo ni wanafunzi: ikihitaji nafasi huomba, ikimaliza hurudisha.

Programu ikijaribu kufungua kabati lisilo lake, prosesa hugutuka, na kiini huifukuza. Hapo programu moja imekufa, lakini nyingine zaendelea na kazi. Je, kiini chenyewe kikifungua kabati lisilokuwapo? Juu yake hakuna wa kukisahihisha. Daftari halitegemeki tena, na kikiendelea hivyo huenda kikaandika takataka juu ya faili zako. Kwa hivyo husimamisha kila kitu makusudi. Windows kwa miaka mingi imeonyesha skrini ya buluu, Linux huandika "Kernel panic". Ama kweli, kuzirai huko ni kinga.

Aidha, tusichanganye kujaa na kuharibika. Kumbukumbu ikijaa, kiini huhamishia diskini vitu visivyotumika, na mashine hutambaa kama konokono. Linux hata huweza kuua programu moja ili kuokoa nyingine. Dawa yake ni kufunga programu au kuongeza RAM.

Mkasa wa Julai 2024

Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili mpya kwa programu yake ya kulinda kompyuta. Sehemu ya programu hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Maelezo mapya yalitaka isome vipengee 21, ilhali ilikuwa imepewa 20 tu. Ilipoendea cha 21 ilivuka mpaka, ikasoma kabati lisilo lake, na kiini kikazirai. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege ziliahirishwa na hospitali zikatatizika katika nchi nyingi.

Kampuni iliiondoa faili hiyo saa mbili na dakika ishirini na saba asubuhi iyo hiyo, lakini mashine nyingi zilikuwa zinazirai kila zikiwashwa. Mafundi walilazimika kuziendea moja moja. Na dawa ilikuwa nini? Kuiwasha mashine katika hali salama, kufuta faili ile moja, na kuiwasha tena. Data ya watu ikabaki salama. Hapo ndipo penye funzo letu.

Hatua za kufuata

1. Andika nambari ya kosa kabla haijatoweka. 0x1A humaanisha daftari la kumbukumbu limevurugika. 0x50 humaanisha kitu kimesoma mahali pasipokuwapo. Mashine ikizima bila ujumbe wowote, shuku stima kwanza. Huku kwetu Kebirigo mvua ya alasiri huja na radi, nasi twajua stima hupotea vipi.

2. Uliza: nini kimebadilika? Pengine ni draiva mpya, programu mpya ya kuua virusi, au RAM iliyoongezwa juzi. Ondoa kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kilichoponya.

3. Iwashe katika hali salama, ambapo Windows hutumia draiva chache za lazima. Ikitulia, mshukiwa ni draiva au programu. Ikizidi kuzirai, huenda ni kifaa. Ukifanikiwa kuingia, nakili kazi za watu kwenye flashi papo hapo, wala usifute zile za awali.

4. Mwalimu akiwapo, zima mashine na uchomoe waya wa stima. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke. Toa vibao vya RAM, pangusa vumbi, kisha rudisha kimoja na ujaribu, halafu kingine.

5. Pima kumbukumbu. Katika Windows andika mdsched, nayo itajipima ikiwashwa upya. Kuna pia Memtest86+, programu ya bure inayoanzia kwenye flashi. Kosa likionekana, hamishia kibao kwenye tundu lingine na upime tena. Kosa likikifuata kibao, kibadilishe. Likibaki kwenye tundu, kibao hakina hatia.

Fomati ni hatua ya mwisho kabisa. Isitoshe, kama ubovu ni wa RAM, hata ukifomati mara kumi mashine itazirai vilevile, na kazi za wenzako hazitarudi. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini programu moja ikikosea mashine haizimiki, lakini kiini kikikosea huzimika?
(b) Eleza tofauti kati ya kumbukumbu iliyojaa na iliyoharibika.
(c) Mashine inazirai hata katika hali salama. Utapima nini kwanza, na kwa nini?

Majibu yamo humu humu, kwa hivyo soma tena kabla hujamuuliza jirani. Hapo natia nanga. Kila la heri katika mitihani.